“Kila Nchi Hufuata Maslahi Yake” Si Nadharia

Ndugu mwanafunzi,

Ipo sentensi moja ninayoikata kwa kalamu nyekundu kila muhula, na kila muhula inarudi. Kisarufi haina kasoro. Inasema: “Kila nchi hufuata maslahi yake.” Nikikuuliza kwa nini Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, unaniandikia hiyo. Nikikuuliza kwa nini nchi zile zile tatu zilitia saini mkataba wa kuifufua, mjini Arusha, tarehe 30 Novemba 1999, unaniandikia hiyo hiyo. Zilitengana kwa maslahi, zikaungana kwa maslahi. Mtangazaji wa redio huitamka kwa sauti nzito, mchambuzi aliyealikwa akaiafiki, nasi tuliotega masikio tukaridhika kwamba tumeelezwa jambo. Hatukuelezwa kitu. Sentensi inayojibu maswali mawili yanayopingana kwa maneno yale yale haijajibu hata moja.

Najua kwamba wanaoisema wamo wenye shahada zinazoizidi mbali stashahada yangu. Hilo halinizuii. Jambo hili halihitaji shahada. Linahitaji kuisikiliza lugha tuliyokutana hapa kujifunza.

Tazama umbo la kitenzi. Kiambishi hu- ulikisoma mapema: hakibebi nafsi wala hakitaji wakati. Mimi huenda, wewe huenda, wao huenda; juzi, leo, mtondogoo. Ndiyo maana methali zetu hukipenda. “Haba na haba hujaza kibaba.” “Ngoja ngoja huumiza matumbo.” Methali ni hazina, na atakayesema kwamba nazibeza atakuwa hajanielewa. Lakini methali zetu huja mbili mbili, kila moja ikimtazama mwenzake kwa jicho la pembe. Aliyekawia ana “Haraka haraka haina baraka”. Aliyewahi ana ile ya kuumia matumbo. Nchi zikiungana, tunayo “Umoja ni nguvu”; zikivunjana, tunayo “Mafahali wawili hawakai zizi moja”. Hakuna tukio litakaloikuta hazina hiyo mikono mitupu, kwa kuwa kazi ya methali ni kushauri na kupamba, na huifanya vizuri. Haikuahidi kukwambia ni lipi kati ya mawili litakalotokea. Sentensi ya maslahi ni methali iliyovaa joho la chuo kikuu, tena ni methali duni, maana haina hata picha: haina kibaba, haina fahali, haina zizi.

Sasa weka kando hu- uchukue -nge- na -ngali-. “Ingekuwa hivi, tungeona vile.” “Ingalikuwa hivi, tungaliona vile.” Mwenye kusema hivyo ameiweka kauli yake rehani. Ametaja jambo ambalo, likikosekana, kauli yake inachukuliwa na mdai. Hapo ndipo ninapouweka mpaka kati ya nadharia na maneno matupu kuhusu uhusiano wa mataifa. Nadharia nzuri hutuambia tusitarajie kuona nini. Mwanafalsafa Karl Popper, katika kitabu alichokichapisha kwa Kijerumani mwaka 1934, aliijenga hoja hii kwa ajili ya sayansi kwa jumla: dai lisilokataza lolote halina habari yoyote ndani yake. Sisi tumepewa viambishi viwili vya kuifanyia kazi hoja hiyo, na tunavitumia kutungia sentensi kuhusu mtu ambaye angekuwa tajiri angenunua gari.

Utaniambia kwamba mambo ya wanadamu hayapimwi kama maji kwenye chupa ya maabara. Kweli. Vita havirudiwi ili tuone kama vitatoka vile vile. Lakini simdai mtu tarehe ya vita vijavyo. Namdai aseme, kabla hajajua mwisho wa kisa, ni mwisho upi ambao ungemwaibisha.

Tuchukue kisa kimoja kinachotuhusu sisi Waganda na majirani zetu wa kusini, tuziweke nadharia mbele yake moja moja. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania na kuiteka sehemu ya Kagera iliyo kati ya mto na mpaka. Mpaka wenyewe umepigwa kwa rula juu ya latitudo ya nyuzi 1 kusini, bila kujali kwamba mto Kagera uko kusini zaidi. Mwanzoni mwa Novemba Kampala ikatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda. Rais Nyerere akawaambia Watanzania kwamba wanavyo vitu vitatu vya kumpiga mvamizi: uwezo, sababu na nia. Majeshi ya Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, yakavuka mpaka, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Libya, ambayo haipakani na yeyote kati ya wawili hao, ilileta askari kumsaidia Amin. Kenya, inayopakana na wote wawili, haikuingia.

Jibu la kwanza utakalolisikia katika nchi yangu ni kwamba Amin alikuwa mwendawazimu. Jibu hili lina raha yake, maana linatuondolea sisi wengine lawama. Lakini lipime. Wazimu ungalikuwa sababu pekee, Amin angaliivamia Tanzania mwaka 1972. Mwezi Septemba mwaka huo wafuasi wa Obote walivuka kutoka Tanzania kumshambulia. Hakuwahi kupata kisingizio kizuri kuliko hicho. Ndege zake zilidondosha mabomu, kisha mwezi uliofuata pande mbili zikapatana mjini Mogadishu. Mtu yule yule, hasira ile ile, miaka sita kabla, na jeshi halikuvuka kuteka ardhi. Shika kanuni hii, kwa kuwa utaihitaji kila siku: jambo lisilobadilika haliwezi peke yake kueleza jambo lililobadilika. Tabia ya Amin haikubadilika kati ya 1972 na 1978. Kilichobadilika ni vingine. Bei ya kahawa, iliyopanda sana baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, ilikuwa imeshuka. Marekani ilipiga marufuku kahawa ya Uganda mwezi ule ule wa Oktoba 1978. Na ndani ya jeshi lake makundi yalikuwa yanakabana koo.

Ukishika hayo una mwanzo wa nadharia bora: mtawala anayebanwa nyumbani hutafuta ugomvi nje ili macho yahame. Nimetumia hu-, umeona, kwa hiyo na hii tuidai rehani yake. Ingekuwa kweli kwa wote, Afrika ya miaka ya 1970 na 1980 ingejaa vita vya nchi kwa nchi, kwa maana watawala waliobanwa nyumbani walikuwa wengi mno. Haikujaa. Wengi wao waliwapiga wananchi wao, wakawaacha majirani. Kwa hiyo nadharia hii inakisaidia kisa chetu lakini imepungukiwa. Lazima iseme ni lini mtawala anayebanwa huvuka mpaka na ni lini hubaki ndani. Angalia kwamba tumejifunza kitu kwa kuishinda. Ile ya maslahi hatujawahi kuishinda, ndiyo maana haijatufundisha lolote.

Nadharia inayotamba zaidi katika somo hili ni ya uhalisia. Kenneth Waltz wa Marekani alikitoa kitabu chake kikuu mwaka ule ule wa 1979 Kampala ilipoanguka. Yeye alishika moja kati ya maneno matatu ya Nyerere, yaani uwezo. Alisema kwamba duniani hakuna serikali iliyo juu ya serikali, kila dola inajilinda yenyewe, na mgawanyo wa uwezo kati ya dola kubwa ndio unaoumba tabia ya wote. Namheshimu Waltz kwa sababu alikuwa mkali kuhusu neno nadharia kuliko wengi waliomfuata. Lakini aliandika pia kwamba kujenga nadharia ya siasa za dunia juu ya nchi kama Malaysia na Costa Rica ni jambo la kuchekesha. Wanafunzi wangu wanaposoma hapo hukasirika, wakataka kukitupa kitabu. Msikitupe. Mwenye kusema “nadharia yangu inahusu dola kubwa” ametaja mpaka wa shamba lake, na huo ni uungwana. Kosa ni la mchambuzi wetu anayeichukua nadharia iliyokatwa kwa kipimo cha Marekani na Urusi, akamvika nayo Amin, kisha nguo ikipwaya akasema kwamba Afrika haieleweki.

Nadharia ya amani kati ya nchi za kidemokrasia, ambayo Michael Doyle aliifufua mwaka 1983 kutoka katika maandishi ya Kant ya mwaka 1795, hunyamaza kabisa mbele ya Kagera. Amin hakuwa na bunge. Tanzania ilikuwa na chama kimoja. Nadharia hiyo huzungumzia nchi mbili ambazo zote ni za kidemokrasia, na hapa hapakuwa na hata moja kwa maana yake. Kunyamaza pasipokuhusu ni sifa ambayo wachambuzi wengi hawana.

Sasa njoo kwenye ile ninayoiona bora zaidi kwa kisa chetu, iliyoandikwa na Robert Jackson na Carl Rosberg katika makala yao ya mwaka 1982. Swali lao lilikuwa la ajabu na ndiyo sababu lilikuwa zuri. Hawakuuliza kwa nini dola za Afrika ni dhaifu; hilo kila mtu aliliuliza. Waliuliza kwa nini, kwa kuwa ni dhaifu hivyo, hazimezwi. Katika historia ya Ulaya dola dhaifu zililiwa na jirani zake. Kwetu zimebaki. Jibu lao: zinasimama kwa sababu dola nyingine zimekubaliana kuzitambua, na mapatano hayo yana nguvu kuliko bunduki za jirani. Viongozi wa Afrika wenyewe waliazimia hivyo Cairo mwaka 1964, kwamba mipaka iliyokutwa siku ya uhuru itaheshimiwa.

Angalia nadharia hii inakataza nini. Inakataza mshindi wa vita kuihamisha mipaka na ulimwengu ukaafiki. Jaribu -ngali-. Tanzania ingalikuwa inatafuta ardhi, au uwezo ungalikuwa ndio unaoamua kila kitu, Tanzania ingaliusogeza mpaka wake kaskazini: jeshi lake lilikuwa limeshika Kampala, na adui yake amekimbia nchi. Haikuchukua hata shamba moja. Kagera ikarudi ilikokuwa, mstari wa rula ukabaki pale pale, na majeshi yakaondoka mwaka 1981. Zaidi ya hayo, wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Monrovia mwezi Julai 1979, aliyelaumiwa na baadhi yao alikuwa Tanzania, aliyevamiwa kwanza, kwa kuwa alimwondoa mtawala wa nchi nyingine. Anayeamini kwamba siasa ni nguvu tupu na anieleze lawama hiyo ilitoka wapi.

Bila shaka utanikumbusha kwamba makala iliandikwa baada ya vita, na kumtabiria mtu yaliyokwisha kupita si kazi ngumu. Umesema vizuri. Basi ipime kwa yaliyokuja nyuma yake. Somaliland ilijitangazia uhuru mwaka 1991, ikawa na serikali, sarafu na chaguzi zake, huku Somalia, ambayo kwa miaka mingi serikali yake haikuweza kuutawala hata mji mkuu, ikiendelea kushikiwa kiti katika Umoja wa Mataifa. Hapo nadharia imeshinda pagumu. Kisha yakaja yaliyoitia jeraha. Eritrea ilijitenga mwaka 1993. Watetezi wakajibu kwamba ilirudia mpaka wake wa zamani wa koloni la Italia, na jibu hilo nalikubali. Sudan Kusini, mwaka 2011, haina utetezi rahisi hivyo. Haikuwa koloni la peke yake, na leo ni mwanachama wa jumuiya yetu. Ilipata uhuru kwa kura ambayo Khartoum yenyewe iliikubali katika mkataba wa 2005, kwa hiyo ramani haikuchorwa upya na jirani mshindi. Hata hivyo nadharia haikuwa imetuandaa kwa siku hiyo. Nina imani nayo zaidi kwa sababu naweza kukuonyesha kidonda chake kilipo.

Wapo wanaotaka tufanye njia ya mkato: tuachane na nadharia za wageni, tutumie za Kiafrika. Nawaelewa, lakini hawatanipata. Nadharia haipati wema wake kutoka katika pasipoti ya mtungaji. Walter Rodney alikichapisha mwaka 1972, alipokuwa akifundisha Dar es Salaam, kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma, na huwezi kuwa msomi wa eneo hili bila kukijua. Karibu naye alikuwapo Andre Gunder Frank, aliyedai kwamba nchi maskini huendelea zaidi pale minyororo yake na nchi tajiri inapolegea. Dai hilo lilikuwa na ujasiri: lilikataza jambo. Kisha Korea Kusini ikajifunga barabara na masoko ya Marekani na Japani, ikatoka katika umaskini. Dai likaumia. Mimi namheshimu Frank aliyeumia kuliko mchambuzi wa redio ambaye hajawahi kuumia.

Huenda unajiuliza kwa nini mwalimu wa Kiswahili anapandisha sauti hivi juu ya jambo la vitabuni. Ni kwa sababu ya Kongo.

Darasani mwangu, kama katika madarasa mengi ya Uganda, wamo watoto wa Kivu. Familia zao zilikimbilia Nakivale au Kyaka II. Kila mapigano yanapozuka upya, maelezo yanayozunguka ni mawili. La kwanza: “Majirani huitaka Kongo kwa madini yake.” La pili huanza na jina la kabila au la taifa na kuendelea na hu-: Wanyarwanda hufanya hivi, Wakongo hufanya vile, sisi Waganda hufanya hivi. Ndugu mwanafunzi, hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Ukizoea kuridhika na kauli isiyoweza kushindwa kuhusu nchi, hutakuwa na kinga utakapoletewa kauli isiyoweza kushindwa kuhusu watu wa nchi hiyo. Mtoto akiwa mpole, wataambiana kwamba wenzake ni wajanja na wanajificha. Akiwa mkali, watasema mmeona. Hana namna ya kuishinda sentensi hiyo, kama vile Amin, Nyerere na Frank wote kwa pamoja wasivyoweza kuishinda ile ya maslahi. Na yeye ndiye anayelala nayo.

Kwa hiyo tuipime ile ya madini, bila kuogopa na bila kuonea. Madini ya Kivu yalikuwa ardhini mwaka 1976 na mwaka 1986; vita vikubwa vilivyoingiza majirani vilikuja 1996 na tena 1998. Rudia kanuni: lisilobadilika haliwezi peke yake kueleza lililobadilika. Kilichobadilika katikati ni mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, wakimbizi waliovuka mpaka pamoja na wauaji wenye silaha ndani yao, na kuoza kwa dola ya Mobutu. Je, madini hayahusiki? Yanahusika sana, lakini mahali maalumu. Mwezi Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu katika kesi ya Kongo dhidi ya nchi yangu. Ilisema kwamba askari wa Uganda walipora maliasili na kwamba Uganda inawajibika kwa uporaji huo. Mwaka 2022 ikaamuru tulipe fidia ya dola milioni 325, kati yake milioni 60 zikiwa za maliasili. Lakini mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba haikupata ushahidi wa kutosha kuonyesha kuwa kupora kulikuwa sera ya serikali. Kama raia hukumu hiyo inaniuma. Kama mwalimu naiheshimu, kwa kuwa imetenganisha mambo ambayo methali ya madini huyakoroga chungu kimoja: kilichoanzisha vita, kilichovirefusha, nani alinufaika, nani aliamuru. Kila moja kati ya hayo linaweza kuandikwa kwa -nge-.

Liandike, basi. Kazi ya wiki hii ni moja. Mwezi Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Jumuiya ilikuwa imekufa, ndege na reli za pamoja zinagombewa, na viongozi wanatupiana maneno. Hata hivyo Kenya na Tanzania hazikupigana, ilhali Uganda na Tanzania zilipigana mwaka uliofuata. Nieleze tofauti hiyo kwa sentensi tano. Angalau mbili ziwe na -ngali-, na neno maslahi lisionekane mahali popote.